PRDH na ukoo wa Beaulieu: fuata ndoa, usifuate jina

Mume wangu ni Beaulieu wa Québec, jimbo la Canada linalozungumza Kifaransa, na mama mkwe alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kujua Beaulieu wa kwanza alitoka pande gani za Ufaransa. Mimi ni Mrundi, tunaishi Montréal, na kazi hiyo niliachiwa mimi kwa sababu wenyewe hawana subira ya kukaa mbele ya kompyuta. Nilitumia PRDH, hifadhidata ya koo za Québec ya Université de Montréal, mradi ulioanza mwaka 1966. Naipendekeza, ila ujue kwanza inavyofanya kazi.

Kabla yake tulijaribu tovuti nyingine ya miti ya ukoo, jina nalihifadhi. Ilituletea babu aliyepata mtoto miaka kadhaa baada ya kuzikwa. Miti ile huchorwa na watumiaji wenyewe, kisha kila mmoja ananakili ya mwenzake. PRDH inaanzia kwenye vitabu vya parokia, yaani ubatizo, ndoa na maziko, na watafiti ndio waliounganisha familia.

Penye utamu ni majina. Ukirudi nyuma, Beaulieu wanaisha ghafla na mahali pao wanatokea Hudon. Enzi za ukoloni wa Kifaransa watu wengi wa kule walikuwa na majina mawili ya ukoo yaliyounganishwa na “dit”, yaani “aitwaye”: Hudon dit Beaulieu, Miville dit Deschênes, Roy dit Desjardins. Mengine yalitoka jeshini, kwani askari alipewa jina la kikosini kama Lafleur, Ladouceur au Sansoucy. Kikosi cha Carignan-Salières kilifika kutoka Ufaransa mwaka 1665, na mamia ya askari wake walibaki, wakaoa, wakaacha majina hayo kwa wajukuu. Ndugu wawili wangeweza kugawana, huyu Hudon, yule Beaulieu. Hata mtu mmoja angebatizwa kwa hili akazikwa kwa lile. Mume wangu alishangaa sana. Mimi sikushangaa: kwetu Burundi ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake, na hakuna anayeuliza kama ni ndugu.

Hapo ndipo PRDH inapostahili pesa yake. Kila wanandoa wana ukurasa wao, na watoto wote wamepangwa hapo, wawe waliandikwa Hudon au Beaulieu. Padri alipofungisha ndoa, kwa kawaida aliandika wazazi wa bwana na wa bibi, kwa hiyo unapanda kutoka ndoa hadi ndoa. Wanawake nao hawapotei, maana vitabuni walibaki na jina la baba zao hata kaburini. Majina ya ubatizo usiyategemee sana, wavulana karibu wote ni Joseph na wasichana Marie.

Tulifika kwa Pierre Hudon dit Beaulieu, mtu wa Anjou kule Ufaransa, aliyemwoa Marie Gobeil mwaka 1676. Kizazi chao kilitanda Rivière-Ouelle, huko huko Québec. Lakini usidhani kila Beaulieu ni wao, jina hilo lilibebwa na familia zaidi ya moja.

Mipaka yake: data inakomea katikati ya karne ya 19. Vizazi vya karibu nilivitafuta FamilySearch, tovuti nyingine ya ukoo, ambako unafungua akaunti bure. Na kama jamaa zako walihamia viwanda vya New England, Marekani, jiandae, kule majina yalitafsiriwa kwa Kiingereza: Roy aligeuka King na Boisvert akawa Greenwood.

Malipo ni kwa idadi ya kurasa unazofungua. Andika pembeni wanandoa unaowataka kabla ya kubofya, la sivyo kifurushi kinayeyuka kama vocha ya simu. Tovuti ni ya Kifaransa na Kiingereza.

Mama mkwe sasa hataki tena habari za Beaulieu. Anataka wazazi wa Marie Gobeil, na kifurushi kinachofuata amesema atalipa yeye.