Seti ya breki ya Power Stop Z36 kwenye Ford F-150 yenye breki ya dharura ya kiotomatiki

Anayenunua seti hii akitegemea pikapu isimame mita kadhaa mapema zaidi siku gari la mbele litakapokatiza ghafla, atasikitika. Breki za kiwandani za F-150 ya 2018 hadi 2020 tayari zina nguvu ya kuifikisha tairi kwenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga), na kuanzia hapo kinachoamua ni mpira na lami. Z36 inalipa kwenye mteremko mrefu, tela likisukuma nyuma, pale breki zinapochemka na pedali kutaka mguu mzito zaidi kila kona.

Sandukuni mna diski zenye matundu na mifereji, zilizopakwa zinki, pedi za seramiki zenye nyuzi za kaboni, vibanio na grisi. Matundu ni pambo tu, mifereji ingetosha. Kazi kubwa inafanywa na pedi.

Ubora wake kwa gari lenye breki ya dharura, yaani linalojifunga breki lenyewe likiona hatari mbele, ni kwamba haigusi vipimo: diski ya mbele inabaki milimita 350, na kalipa (sehemu zinazobana pedi kwenye diski) ni zile zile. Vitambuzi vikiona hatari, kompyuta huamuru pampu ya ABS ipandishe presha kwa hesabu ya kiwandani. Ukifunga kalipa zenye pistoni kubwa, mafuta mengi zaidi ya breki yanahitajika kabla pedi hazijabana, na presha inachelewa. Pedi za mashindano nazo hushika vizuri zikiwa moto, ilhali breki ya dharura mara nyingi hukamata zikiwa baridi, katikati ya mji. Za Z36 zinashika tangu asubuhi.

Kabla ya kuagiza, angalia breki ya kuegeshea. Miaka hiyo ipo ya waya na ipo ya umeme, na seti za nyuma hazilingani. Kama ni ya umeme, iweke kwanza kwenye hali ya matengenezo (programu ya FORScan inaweza). Ukilazimisha pistoni kurudi bila hivyo, unaua mota yake.

Kufunga si kazi ngumu, ila wengi huharibu kwenye habu, kitovu ambacho diski hukaa juu yake. Kutu kidogo nyuma ya diski huifanya iyumbe, na baada ya muda usukani unatetemeka kila ukikanyaga, kisha lawama zinaenda kwa diski. Sugua habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha pima kuyumba kwa diski kwa saa ya kupimia. Kuyumba kuzidi milimita 0.05 ni dalili mbaya. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi upya, kwa sababu mfumo husogeza pedi karibu na diski hata kabla ya kukamata, na pini iliyoganda inafuta faida hiyo. Nati za tairi zikazwe Nm 204, kwa mpangilio wa nyota.

Unaporudisha pistoni, fungua nipeli ya kalipa (skrubu ya kutolea mafuta), mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi kwenye pampu ya ABS. Ongeza mafuta ya breki ya DOT 4 LV, si DOT 4 yoyote ile: ni nyepesi, hupita haraka kwenye vali ndogo za pampu, hasa kwenye baridi. Upepo ukiingia ndani ya pampu, kukanyaga pedali hakutoshi kuutoa. Lazima kompyuta iizungushe.

Kuzoesha pedi: mara 5 kutoka kilomita 65 kwa saa hadi 15, kwa nguvu kiasi, bila kusimama kabisa wala kuziacha zipoe, kisha mara 5 kutoka 55 hadi 8. Baadaye endesha polepole zipoe. Ukiruka hatua hii, mlio na mtetemo utakuwa wako. Zinki kwenye sehemu ya msuguano itafutika mara moja, ndivyo inavyotakiwa.

Kuna pia seti yenye kalipa nyekundu, herufi zake zikianza na KC. Kama pistoni zako zinarudi bila kukwama na mpira wa vumbi haujapasuka, weka pesa hiyo kwenye tairi.