Simu ya nyumbani isiyo na waya: gigahezi 2.4 au DECT?

Kwa macho tu simu hizi mbili ni kama pacha: kitako, mkono wa kusikilizia, vitufe. Kinachozitofautisha ni masafa ya mawimbi ya redio, na hayo ndiyo yanayoamua kama Wi-Fi yako itatulia au itakatakata kila unapopigiwa.

Simu ya gigahezi 2.4 hutumia mawimbi yaleyale ya ruta nyingi (na ya maikrowevu pia, jikoni humo). Nyingi hurukaruka ndani ya masafa hayo, kwa hiyo hata ukihamisha ruta kati ya chaneli 1, 6 na 11 (vipande vya masafa hayo ambavyo ruta huchagua), zinaweza kukufuata hukohuko. Kama unayo tayari, weka kitako mbali na ruta, kisha hamishia kompyuta kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Lakini kununua mpya ya aina hii? Mimi sioni sababu, labda upewe bure.

DECT (kiwango cha kiufundi cha simu za nyumbani zisizo na waya) ina uwanja wake: megahezi 1880 hadi 1900 barani Ulaya, 1920 hadi 1930 Marekani. Wi-Fi haigusi huko. Marekani huuzwa kwa jina la DECT 6.0, na wengi hudhani ni gigahezi 6. Sivyo, ni jina la kibiashara tu. Kwa kuwa masafa hutofautiana, usiagize ya nchi nyingine kabla ya kuhakikisha inaruhusiwa kwenu.

Zipo pia za gigahezi 5.8, ila hizo nazo zinaweza kugombana na Wi-Fi ya gigahezi 5.