Karafuu ya Mbuyuni na jino langu: uzoefu wangu

Jino la nyuma, chini kushoto, lilinianza usiku wa manane katika baridi ya Julai hapa Moshi. Maduka ya dawa ya mtaani yamefungwa, shavu linagonga kama moyo umehamia hapo. Jikoni kulikuwa na kipakiti cha karafuu za pilau nilichonunua duka la jirani. Nikatafuna moja, ya pili, ya tatu. Hakuna kitu, kama natafuna kijiti.

Asubuhi bibi mmoja tunayepanga naye, Mpemba, alikimwaga kile kipakiti kiganjani akasikitika. "Mwanangu, haya mengi makonyo, vijiti vya karafuu tu, na karafuu zenyewe zimekwishakamuliwa." Akanionyesha: karafuu ni ua ambalo halijafunguka, kwa hiyo iwe na kichwa chake cha mviringo. Ibonyeze kwa ukucha, ukucha ulowe mafuta. Itie kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha mafuta huelea imelala. Zangu zote zililala.

Nikapanda bodaboda hadi soko la Mbuyuni. Mama muuzaji nilipomwamkia na kumwomba nijaribu, alinifungulia gunia bila kinyongo: "Bonyeza mwenyewe, baba." Ukucha ulinukia mpaka jioni.

Matumizi yangu yalikuwa hivi: karafuu moja kati ya jino na shavu, naiacha ilainike kwa mate, kisha naiuma taratibu. Kwanza uchungu na ukali unaochoma ulimi, halafu baada ya kama dakika kumi ganzi inatambaa kwenye fizi. Nilipata karibu saa mbili za utulivu kila mara, na usiku wa pili nililala. Kinachofanya kazi ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Inatia ganzi na inapambana na bakteria.

Kosa langu lilikuwa siku ya tatu. Nilinunua kichupa cha mafuta ya karafuu, nikayadondosha moja kwa moja kwenye jino. Fizi iliungua ikawa nyeupe, ikabambuka. Mafuta hayo ni makali mno, yanachanganywa na mafuta ya kula kisha yanapakwa kidogo kwa pamba. Na tafadhali, wenye watoto, kifungieni mbali: mtoto akinywa hata kijiko kimoja cha chai ni hatari kwa ini lake. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu amuulize daktari kwanza.

Nilipofika hatimaye kwa daktari wa meno, chumba kizima kilinukia karafuu. Akaniambia wao huchanganya yujenoli na unga wa oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini langu lilikuwa limetoboka hadi kwenye neva. Karafuu ilikuwa imenyamazisha maumivu tu, huku uozo ukiendelea kushuka. Ningekuja mapema, huenda ingetosha kuziba. Sasa ilibidi asafishe mizizi, safari tatu.

Kuhusu wanaoiuza barabarani kwa kisukari, presha na nguvu za kiume, mimi sitoi hela yangu. Kwa jino linalouma usiku, naipendekeza kwa moyo wote, mpaka kliniki ifunguliwe. Zilizobaki nimezitia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, nzima, bila kusaga, maana zikisagwa harufu na mafuta hupotea upesi.