Kamera ndogo ya kununua Mombasa: kabla ya yote, tazama lenzi inavyotoka

Kamera yangu ya kwanza ya kidijitali ilikufa ufuoni Pirates, Idi pili, jioni jioni, ikiwa na umri wa siku 12. Haikuanguka wala haikuingia maji. Mpwa wangu alipita mbio akifukuzana na wenzake, upepo ukabeba mchanga kidogo, ule mchache usiokufanya hata ufumbe macho, nami nikabonyeza kuizima. Ikalia krrr, lenzi ikarudi nusu, ikagoma. Nikaiwasha, krrr tena. Skrini ikaandika kosa la lenzi, na yenyewe ikabaki imetoa shingo kama kobe aliyekatazwa kuingia nyumbani kwake.

Niliinunua mjini kwa shilingi 18,000, ya mkono wa pili, inavuta vitu vya mbali karibu (zoom) mara 20, ina Wi-Fi, ina madoido chungu nzima. Jina la kampuni nalihifadhi, na la duka vilevile. Nilipoirudisha, yule kijana aliyenipa soda baridi siku ya kununua hakuinua hata macho. "Dada, hiyo umeitia mchanga." Nikamwambia ndiyo, imeingia mchanga, kwani kamera anayouziwa mtu wa Mombasa ikutane na nini, theluji? Akanionyesha risiti, muhuri wa wino wa buluu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nikaenda kwa fundi, yuko ghorofani karibu na Digo Road, kijichumba cha kuenea yeye na feni yake. Alifungua skurubu moja moja akizipanga kwenye kifuniko cha chupa, kisha akaigonga kamera taratibu juu ya karatasi nyeupe. Zikadondoka chembe 3. Nilizihesabu. "Ndizo hizi, mamangu," akasema. "Gia yenyewe plastiki, meno yake hayawezi kutafuna jiwe." Kuitengeneza ni 9,000, na hakuwa na hakika kama itakaa. Nikazikunja zile chembe ndani ya karatasi yake, nikatia mkobani.

Sasa kila anayeniuliza kamera ananianzia na megapikseli. Jamani, 12 zinatosha, 20 zinatosha, hapo tumemaliza. Rangi ya kamera chagua mwenyewe. Mimi nina swali moja tu: ukiiwasha, lenzi inatoka nje au haitoki?

Lenzi inayotoka ni mirija miwili au mitatu iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine, kama antena ya redio za zamani, na kimota kidogo kinaisukuma kwa gia. Inapotoka, nafasi ya ndani inapanuka, na hewa ya nje inavutwa kuijaza. Ni bomba la sindano hasa. Mtu wa Nairobi anavuta vumbi. Sisi tunavuta mchanga, na juu ya mchanga ile hewa ya chumvi inayokula mabati na bawaba za madirisha yetu. Nyumba iliyo karibu na bahari huwezi kuweka pasi miaka miwili bila kutu, halafu unataka vijigia vya ukubwa wa punje ya mtama vipone?

Kwa hivyo ninavyozipanga, nazipanga kwa hilo kwanza.

Nambari moja, na sifichi mapenzi yangu, ni Olympus Tough. TG-5 ilitoka 2017, TG-6 ikaja 2019, TG-7 ikafuata 2023. Hiyo ya mwisho imeandikwa OM System badala ya Olympus, kwa sababu Olympus ilijitoa kwenye biashara ya kamera na kuanzia 2021 kazi ikashikwa na kampuni nyingine. Usidanganywe kwamba ni feki. Uzuri wake ni kuwa lenzi haitoki. Mbele kuna kioo kimetulia tuli. Ndani mna prizimu inayoupinda mwanga, na lenzi zinapanda na kushuka humo humo tumboni. Iwashe mbele ya rafiki yako, atakuuliza mbona haijawaka.

Mengine ni ziada, lakini ziada tamu. Inazama mita 15 bila mfuko wowote. Tundu la lenzi linafunguka hadi f/2.0 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, mwanga unaingia mwingi), inapiga video za 4K, inatoa faili za RAW kwa wanaopenda kuzisafisha picha zao kwenye kompyuta. Halafu ina hali ya hadubini: unaisogeza mpaka sentimita 1 kutoka kwenye kitu na inakiona sawasawa. Usiku wa kwanza nilipoipata yangu, nilipiga sukari juu ya kaimati, kila chembe ikatoka na pembe zake kama jiwe la chumvi. Nikapiga hina ya mkononi mwa khalati yangu, ikaonekana jinsi rangi ilivyoingia kwenye mistari ya ngozi. Kisha nikaitoa ile karatasi ya fundi. Chembe mbili zilikuwa nyeupe za mviringo, mabaki ya matumbawe nadhani. Ya tatu ilikuwa kahawia, ina ncha kama ya sindano. Nikajua muuaji ni yupi.

Kasoro zake nazijua. Kihisi chake, kile kinachopokea mwanga ndani, ni kidogo, kwa hivyo usiku ukumbini bila taa za maana picha inajaa chenga. Inavuta mara 4 tu. Haina kitundu cha kuchungulia, na jua la saa sita pale bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, linaifanya skrini yake kuwa kioo cha kujitazamia. Na ukiangalia picha zake kando ya za simu ya bei kubwa, mara nyingine simu inashinda. Sawa. Simu hiyo utaizamisha nayo mbele ya hoteli ya Reef, Nyali?

Baina ya TG-6 na TG-7 usijisumbue sana. Tofauti kubwa utakayoishika kwa mkono ni tundu la chaji: TG-7 inatumia USB-C. Ukipata TG-6 safi, chukua.

Lakini kuwa nayo si kuitelekeza. Milango yake ya betri na kadi ina raba, na unywele mmoja ukikaa juu ya raba hiyo, maji yanapita. Kwa hivyo betri ibadilishe nyumbani, usiibadilishe ufukweni umekaa juu ya leso na vidole vimejaa achari. Ukitoka baharini, kabla hujafungua mlango wowote, itie kwenye beseni la maji ya bomba, iache ilowe, bonyeza vitufe vyake humo majini ili chumvi itoke chini yake. Ikaushe kwa kitambaa, iweke kivulini. Nimemwona mtu ameianika kwenye boneti ya gari kama nguru wa kukaushwa.

Nambari mbili ni Fujifilm X100V, au X100VI iliyotoka 2024. Lenzi yake ni moja, haivuti, na haina ile shingo ya kobe. Ina kitundu cha kuchungulia kizuri kuliko zote ninazozitaja hapa. Ila ulinzi wake dhidi ya vumbi na manyunyu haukamiliki mpaka ununue pete na filta ya kufungia mbele, vitu ambavyo havimo kwenye boksi. Bei ya X100VI Marekani ilianza dola 1,599. Nimeandika nambari hiyo, nikaitazama, nikaenda kuchemsha chai.

Tatu nazitaja pamoja: Sony RX100 na Canon G7 X Mark III. Hizi zinapiga picha nzuri kuliko kipenzi changu, nakubali, maana kihisi chao ni cha inchi 1 na usiku kinaonekana. Lakini zote zinatoa shingo. Nazipendekeza kwa mtu wa harusi, mtu ambaye kamera yake itatoka kwenye pochi ndani ya ukumbi na kurudi kwenye pochi. RX100 ukichukua, anzia ile ya tatu, ya 2014, ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoka juu. G7 X haina kitundu, lakini skrini yake inageuka ikutazame wewe, ndiyo maana vijana wa video wameing'ang'ania mpaka bei imepanda badala ya kushuka.

Na kwa kuwa nimetaja harusi: kwenye kupamba, simu zinakusanywa mlangoni, na haki yao, wanawake wamevua mabuibui wanataka kucheza kwa raha. Kamera ndogo nayo usiingie nayo bila ruhusa ya mama wa bibi harusi. Mimi huruhusiwa kwa sababu kadi naikabidhi kwake kabla sijaondoka.

Halafu kuna zile za kuvuta mbali, kama Canon SX740 HS inayovuta mara 40. Ni nyembamba, unaiweka mfukoni, na shingo yake ikitoka yote utafikiri ni darubini ya nahodha. Mtu wa ndege na wa mbuga aichukue. Wewe unayetaka meli za Kilindini, meli zenyewe zinapita mbele ya Mama Ngina karibu kukugusa pua. Unavuta nini?

Za bei rahisi, zile mpya za shilingi 6,000 zilizoandikwa megapikseli 48: namba hiyo ni ya kwenye boksi tu. Mnunulie mtoto.

Ya mkono wa pili, ambayo ndiyo wengi wetu tutanunua, ipime hivi. Nenda asubuhi duka likiwa halina watu. Iwashe na kuizima mara 10 mfululizo, muuzaji akikasirika mwache akasirike, na utege sikio: sauti iwe moja, laini. Ukisikia kama mtu anakanyaga kokoto, irudishe mezani. Vuta mpaka mwisho, kisha itikise kidogo karibu na sikio. Washa tochi ya simu, iangazie lenzi kwa ubavu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, imeota ndani kwa unyevu, na kuifuta nje hakusaidii. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/8, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, ikuze kwenye skrini. Madoa yanayokaa pale pale kwenye kila picha ni uchafu ulioingia hadi kwenye kihisi. Kwa TG, fungua milango uitazame raba: iwe laini, isiwe na ufa, isiwe na chumvi nyeupe pembeni.

Nyumbani usiitunze kwenye kifuko cha ngozi ndani ya kabati. Ngozi inashika unyevu, na kabati zetu mwezi wa Mei mnajua zinavyonuka. Mimi naiweka kwenye kopo la plastiki la kufunga kwa nguvu, pamoja na vile vijipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Na ukitoka kwenye chumba chenye AC, iache ndani ya mkoba nusu saa ipate joto. Ukiitoa ghafla, jasho linaifunika lenzi, na kama ni yenye shingo linaingia hadi ndani.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji wetu. Kwanza hii habari ya "bei njoo inboksi". Kamera umeipiga picha, umeiweka hadharani, bei ndiyo siri? Niliwahi kuuliza kwa jina langu nikapewa bei moja, dadangu akauliza kwa jina la mumewe, akapewa nyingine, chini yangu kwa 4,000. Pili, muhuri wa mali hairudi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na kuna sheria ya 2012 ya kumlinda, lakini muhuri wa shilingi mia tano unaogongwa juu ya kaunta ndio umekuwa katiba. Tatu, bandari iko kwetu, tunazisikia honi za meli tukiwa vitandani, na kamera ukiitaka unaambiwa subiri itoke Nairobi.

Hata raba. Raba za TG inafaa zibadilishwe mara moja kila mwaka, na za kamera yangu zimetimiza mwaka. Fundi wangu kaniambia, lete raba nikutilie. Nimezunguka maduka manne, na katika la nne mzee mmoja, mpole sana, alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia nyuma, akarudi na raba ya jungu la presha. Nikamwambia, ami, hii ni kubwa. Akasema tutaikata, na mkasi tayari alikuwa nao mkononi.

Nimeagiza Nairobi. Inakuja na basi la usiku.