Sikio limeziba na upo Dar: matone gani ununue kwanza, yapi uyaache hapohapo kaunta

Nianze na kosa langu mwenyewe. Jumapili nimetoka kuogelea Coco, sikio la kulia limejaa maji, nikachukua njiti ya pamba nikachokonoa weee mpaka likaziba jumla. Kesho yake kwenye daladala ya Mbagala konda ananidai nauli namsikia kama yuko ndani ya pipa, abiria wanacheka. Nikashuka nikaingia duka la dawa la kwanza nililoliona, nikasema "nipe dawa ya masikio ya matone", dada akanipa kichupa fasta, hakuuliza swali hata moja. Nafika home nasoma boksi: jentamaisini. Hiyo ni antibaiotiki jamani, ni ya kupigana na bakteria, na mi sikuwa na usaha wala maumivu, nilikuwa na nta ya sikio tu. Hela imeenda, sikio liko vilevile.

Kwa hiyo ukifika kaunta usiseme "dawa ya masikio", sema "nataka ya kulainisha nta". Na kama una uwezo wa kuchagua nenda famasi yenye mfamasia, duka la dawa muhimu la mtaani lina vitu vyake lakini uchaguzi wa matone ya nta huwa mdogo na mara nyingi utapewa kilichopo. Jentamaisini, kloramfenikoli, siprofloksasini, zote hizo ni za maambukizi, haziyeyushi nta hata umwage chupa nzima, na jentamaisini ikiingia kwenye sikio lenye ngoma iliyotoboka inaweza kuharibu usikivu moja kwa moja.

Sasa kabla hujatoa hela jiulize maswali machache. Sikio linauma? Linatoa usaha au damu? Uliwahi kuambiwa ngoma imetoboka, au ulifanyiwa operesheni ya sikio, au mtoto ana vile vijibomba vidogo walivyomwekea kwenye ngoma? Ukijibu ndiyo hata kwa moja tu, usinunue chochote, nenda ukaangaliwe. Na kama usikivu umekata ghafla, yaani jana ulikuwa unasikia vizuri leo kimya kama mtu kazima redio, hiyo usiisingizie nta ukakaa nayo wiki, wahi hospitali siku hiyohiyo maana kuna tatizo la mshipa wa fahamu wa sikio ambalo dawa yake inatakiwa ianze mapema.

Haya, tupange sasa, na huu ni mpangilio wangu wa mtu anayeangalia mfuko.

Namba moja ni mafuta ya zeituni, na hapa sina mjadala. Nunua kile kichupa kidogo cha famasi, siyo lile lichupa la supamaketi la kumwagia saladi, ingawa mafuta ni yaleyale ila kichupa kidogo kinakaa kisafi na hakipiti mikononi mwa kila anayekaanga mayai. Chukua na dropa pembeni kama kichupa hakina. Hayaunguzi, hayakaushi ngozi ya ndani, na yakibaki unajipaka kwenye visigino. Matone mawili matatu, mara tatu au nne kwa siku, siku tatu mpaka tano. Mafuta ya lozi nayo yanafanya kazi hiyohiyo, ila kama una mzio wa karanga au lozi achana nayo.

Watu wananiuliza mbona unaweka kitu rahisi juu ya dawa zenye boksi zuri. Jibu ni kwamba mwaka 2018 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, walitoa mapitio yao kuhusu matone ya nta na hawakuona ushahidi kwamba aina fulani inaizidi nyingine, wala kwamba dawa zinayazidi maji ya kawaida au maji ya chumvi ya hospitali. Tafiti zenyewe zilikuwa chache na ndogo, sawa, lakini sasa kama hakuna aliyeshinda si ununue cha bei ya chini kisichowasha?

Namba mbili, matone ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5. Yanaimeng'enya nta vizuri, hasa ile kavu iliyogandamana, ila yanakausha sikio kwa hiyo ukizidisha siku utaanza kujikuna. Nunua yaliyotengenezwa, usikoroge mwenyewe jikoni, na tafadhali magadi ya kuivishia maharage siyo kitu kimoja na hii, magadi ni makali zaidi, nimeshasikia mtu anapanga kuyatumia nikabaki mdomo wazi.

Namba tatu ni hizi za boksi, dokuseti na karbamaidi peroksaidi. Karbamaidi inatoa povu, utasikia chwaaa kama umefungua soda ndani ya kichwa, wengine wanaipenda kwa sababu wanaona kama kazi inafanyika. Shida yake bei inapanda na inaweza kuwasha, na kwa mtoto chini ya miaka 12 usiiweke bila daktari. Fuata karatasi ya ndani, nyingi za karbamaidi zinasema isizidi siku nne.

Gliserini naiweka mkiani. Inalainisha, ndiyo, lakini nyingi zinazouzwa mtaani ni za kupaka ngozi, nyingine zimetiwa marashi, hujui unaweka nini.

Na hizi usiguse: haidrojeni peroksaidi ya saluni (ya famasi ya kusafishia vidonda ni asilimia 3, ya saluni inaenda 6, 9 hadi 12, utababuka), mafuta ya taa, mafuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu, mshumaa wa sikio ambao hauvuti chochote zaidi ya kukuunguza, unyoya wa kuku, pini, ufunguo wa pikipiki. Na zile kamera za sikio za kuunganisha na simu zinazouzwa Kariakoo, picha nzuri kweli, ila mkono ukiteleza ile ncha iko pale pale kwenye ngoma.

Kutumia ni rahisi ila watu wanakosea. Kishike kichupa mkononi dakika kadhaa kipate joto la mwili, joto la Dar lenyewe linasaidia, lakini kama kilikuwa kwenye friji au mbele ya feni subiri, maana kitu cha baridi kikiingia kinaleta kizunguzungu utafikiri umo kwenye boti ya Zanzibar. Lala ubavu, sikio bovu juu. Mtu mzima vuta sikio juu na nyuma, mtoto mdogo vuta chini na nyuma. Dondosha ukutani mwa tundu siyo katikati, ili hewa itoke, kisha sukumasukuma kile kinyama cha mbele ya sikio mafuta yashuke. Kaa dakika tano mpaka kumi, inuka, futa kinachotoka nje, usizibe na pamba kwa kuisokomeza. Siku ya kwanza ya pili unaweza kuziba zaidi kwa sababu nta inavimba, usipaniki, na kutoka kwake siyo lazima uone donge, mara nyingi inatoka kidogokidogo usiku ukilala mpaka wiki mbili hivi, mi niliona tu foronya ina doa la kahawia.

Ukipata kuwashwa sana, maumivu au kizunguzungu, acha hapohapo. Kichupa ukishakifungua andika tarehe juu kwa peni, na msishee nyumba nzima.

Ikigoma baada ya hizo wiki mbili ndo unaenda kusafishwa kwa maji au kunyonywa kwa mashine. Usijipige maji mwenyewe na bomba la sindano, hasa kama una kisukari. Anza kituo cha afya, wakuangalie na kile kitochi cha sikio, wakishindwa watakuandikia rufaa Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Mafuta endelea kuweka siku tatu nne kabla ya kwenda, maana ukienda na nta ngumu kama jiwe kuna uwezekano mkubwa wakakurudisha nyumbani ukailainishe kwanza, na foleni utaipanga upya.