Chati ya majanga ya asili ya 12,000 hapa Dom: picha kali ila ukame wetu wameutupa kwenye kona

Wadau wa Dodoma mnaotafuta zile chati za ukutani za watoto, hii ya majanga ya asili inayouzwa kwenye maduka ya steshenari kule Sabasaba naipa nyota 3 kati ya 5, na ujue hizo 3 zimebebwa na picha pamoja na mpangilio. Bei nilitajiwa 15,000 nikaichukua kwa 12,000 bila mabishano marefu. Imepigwa lamineshini, maandishi yanasomeka hata ukikaa mbali kidogo, na wangu wa darasa la 5 siku hizi anaitumia kuwafundisha wenzie hapa mtaani kwa rula kabisa kama mwalimu.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawajapanga majanga kiholela, wameyagawa kwa chanzo. Kuna yanayotoka chini ya ardhi, kuna ya hali ya hewa, kuna ya viumbe hai kama nzige na magonjwa ya mlipuko. Kwa hiyo dogo anaona mwenyewe kwamba tsunami iko kundi la tetemeko na wala haiko na kimbunga, hata kama vyote vinatokea baharini, na hapo hata watu wazima wengi tunachanganyaga. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia kwenye tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra, sakafu ya bahari ikanyanyuka ikasukuma maji, masaa kadhaa baadae mawimbi yakafika mpaka pwani yetu na kuna watu walipoteza maisha Dar. Upepo haukuhusika hata kidogo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichopiga maeneo ya Mafia ni habari nyingine kabisa, kile kinakula joto la maji ya bahari, ndo maana kikishafika nchi kavu kinaishiwa pumzi.

Sasa lawama. Kwenye tetemeko wameandika sababu moja tu, "mlipuko wa volkano". Jamani! Volkano inaweza kutikisa ardhi ndio, ila matetemeko mengi yanatokana na miamba kuvutana na kusukumana mpaka inateleza ghafla kwenye nyufa zake. Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 lilipiga la ukubwa wa 5.9, watu 17 wakafariki na nyumba nyingi zikalala chini, na hakuna volkano yoyote iliyolipuka pale. Na sisi huku katikati ya nchi tuko jirani na tawi la mashariki la Bonde la Ufa, ardhi inatanuka polepole, sio kwamba ni mambo ya Wajapani peke yao. Lakini ramani waliyochora haina hata mstari wa Bonde la Ufa, Afrika nzima imepakwa rangi ya njano basi.

Maporomoko ya ardhi ndo yamenichosha zaidi, maana wameweka picha ya theluji inashuka mlimani na jamaa kavaa koti kubwa anakimbia. Theluji, kwa mtoto wa Nkuhungu hapa Dodoma! Hanang iko hapo juu tu ukipita Babati au Singida, tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe makubwa na magogo vilishuka mpaka Katesh, zaidi ya watu 80 wakafa. Hanang ni mlima wa volkano ya zamani kwa hiyo wengi walidhani imeamka, kumbe hapana, mvua ilinyesha sana, miamba laini ya mlimani ikanywa maji mpaka ikazidiwa, kipande kikakatika kikaondoka na kila kilichokuwa njiani. Picha moja ya hiyo ingemfundisha mtoto kuliko theluji kumi.

Ila kesi yangu kubwa ni ukame. Tornado ya Marekani, ule upepo mkali unaozunguka, imepewa nafasi kubwa kuliko kitu chochote kwenye hiyo chati, ukame umebanwa kona ya chini kulia, picha ya fuvu la ng'ombe na sentensi moja, "husababishwa na ukosefu wa mvua". Hiyo ni sawa na kusema njaa inasababishwa na kutokula. Dodoma tunapata mvua milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, tena msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo mvua ikichelewa kuanza au ikikatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele hamna msimu wa pili wa kujiokoa kama wenzetu wa kule Kagera. Halafu unaweza kukuta jumla ya mvua ya mwaka iko poa kabisa ila imemwagika yote ndani ya siku chache, shamba limekauka vilevile. Na kuna mambo ya bahari pia, Bahari ya Hindi ikipata joto kupita kawaida upande wetu huu wa magharibi, Afrika Mashariki inaloa kama ilivyokuwa 2019, ikigeuka upande wa pili tunakaushwa. Hayo yangeenea vizuri tu kama wangepunguza hiyo tornado.

Tena kuna mkono wa binadamu ambao chati haitaji kabisa. Wazee wa Kigogo wanasimulia Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, mvua iligoma kweli lakini ilikuta majeshi ya Wajerumani na Waingereza ya Vita ya Kwanza ya Dunia yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kwa hiyo ukame ulikuta ghala tupu. Au nenda Kondoa uone yale makorongo mekundu. Ardhi ilichimbika pale mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi, majani yakarudi. Sasa hilo janga ni la asili au la watu? Mtoto aliniuliza hivyohivyo na chati haikuwa na jibu.

Mafuriko nayo wameandika "mvua nyingi", yani wavivu hawa. Huku kwetu ardhi inakauka miezi saba inakuwa ngumu, mvua ya kwanza ikipiga maji hayazami, yanakimbia juujuu yanaingia korongo ambalo watu walishalizoea likiwa kavu, wanachimba mchanga humo, wengine wamejenga kabisa. Waulize watu wa reli ya kati kipande cha Kilosa mpaka Gulwe wanavyoujua mto Kinyasungwe, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yalisomba njia treni zikasimama.

Kitu kingine, hiyo picha ya tornado imewafanya watoto waite kila kisulisuli tornado. Mchana wa jua kali pale viwanjani kikizunguka na vumbi na mifuko ya nailoni wanapiga kelele wanakimbia. Kisulisuli kinaanzia chini, ardhi ikichemka hewa inapanda inazunguka, na juu anga ni jeupe tu. Tornado inashuka kutoka kwenye wingu zito la radi. Mstari mmoja wa maelezo ungetosha. Na kwelea kwelea, wale ndege wanaokula nafaka mashambani, hawamo kabisa, mkulima wa mpunga wa Bahi akiona hii chati atacheka.

Kwenye ubora wa karatasi sina tatizo, ila lamineshini kwenye kona imeanza kuachia na vumbi letu linaingia humo ndani halitoki tena, mimi nimebandika selotepu pembeni kote. Nafasi tupu pale chini nimeandika kwa maka peni Hanang, Bukoba na Mtunya pamoja na miaka yake, inapendeza tu.

Kama una mtoto wa darasa la 3 mpaka la 5 na upo tayari kukaa nae umuelezee, chukua. Kama unataka ya kutundika darasani ijieleze yenyewe, acha kwanza. Na ukienda mwambie muuzaji aikunjue uikague kabla hujalipa, zipo ambazo wino mwekundu wa volkano umevuja mpaka kwenye maandishi na ukishatoka nayo dukani hawabadilishi.