Taarifa ya mbunge wetu kabla ya kwenda Dodoma: nenda, na nenda na daftari

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam. Kibanda changu kiko hatua chache tu kutoka kwenye mfereji ambao kila masika hugeuka mto. Jina la jimbo nalihifadhi, na la mheshimiwa pia, maana ninayotaka kuielezea ni huduma yenyewe: mkutano anaouitisha kila mwaka mwishoni mwa Machi, Bunge la Bajeti likiwa linakaribia, kutueleza alichokifanya na anachokwenda kukidai. Huu wa juzi ni wa tatu kwangu. Yote mitatu nimeandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma.

Gari la matangazo lilipita mtaani siku mbili kabla, likasema saa nane mchana, uwanja wa shule ya msingi. Mheshimiwa akafika saa tisa na nusu. Muda wote huo ilikuwa ngoma, singeli na kutambulisha wageni. Kwa mtu aliyefunga kibanda Jumamosi, siku ambayo wateja wanafuata nguo za Jumapili, hiyo ni hasara ya kweli. Turubai moja lilikuwa la meza kuu, moja letu sote. Kina mama wenye watoto mgongoni walisimama juani mpaka mwalimu mmoja akafungua darasa na kutoa madawati. Hapo sina la kutetea.

Alipokamata kipaza sauti, lakini, mambo yalibadilika.

Kwanza tuligawiwa karatasi. Kurasa mbili zilizopigwa chapa, maandishi makubwa, mtu mzima anasoma bila miwani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Mfuko wa Jimbo, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao mbunge mwenyewe ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Kila kitu kiliandikwa na mahali kilipokwenda: madawati shule gani, mabati ofisi ya mtaa gani, mifuko mingapi ya saruji kwenye choo cha zahanati. Jirani yangu ni mjumbe wa kamati ya shule mojawapo. Alihesabu kwa kidole, akaniambia, "Dada, haya madawati yapo, mimi nilikuwepo yanashushwa." Mwaka juzi tuliambiwa kwa mdomo tu kwamba fedha za mfuko zimetumika vizuri. Ukiwa na karatasi unaweza kwenda kuhesabu. Bahati mbaya ziliisha kabla hazijafika safu za nyuma, na wa nyuma ndio wengi.

Pili, alitupa elimu ambayo nimeihitaji miaka mingi. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za mitaa ziko TARURA, chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mbunge hana greda wala hana fungu la kujenga lami. Anachoweza ni kubana pale Dodoma wizara husika inapoomba fedha zake, Aprili mpaka Juni, kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai 1. Akatutajia atakayoyasimamia mwaka huu: kivuko cha mfereji wetu, barabara ya kwenda zahanati, maji kwa mitaa ya mwinuko, na utekelezaji wa Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipita 2023. Hayo mawili ya mwisho aliyapitia haraka mno. Watu wa mwinuko walinung'unika na nawaelewa, mtu anayenunua maji kwa dumu hawezi kuridhika na sentensi mbili.

Akaeleza pia kushika shilingi. Wengi tunalisikia neno hili redioni tu. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha fedha za wizara, mbunge asiyeridhika anaweza kutangaza kwamba anaondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri, na hairudishi mpaka apewe maelezo ya kueleweka. Ni shilingi ya heshima, hakuna anayeikosa mfukoni, ila waziri lazima asimame ajibu, na wabunge wengine wanaweza kuingia kumuunga mkono mwenzao.

Basi bibi mmoja, mwenye khanga ya kisutu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Wewe tangu tukupeleke, umeshika shilingi mara ngapi?"

Uwanja ukanyamaza. Mheshimiwa hakukimbilia kwingine. Akasema, "Bibi, mara moja, kwa ajili ya maji. Kwa kivuko bado sijashika." Bibi akasema, "Basi mwaka huu ishike ya kivuko." Akakaa. Nimeshakaa kwenye mikutano mingi ya wanasiasa, na swali la namna hiyo kwa kawaida hujibiwa kwa hotuba ya nusu saa. Jibu lile fupi ndilo lililonifanya nikae mpaka mwisho.

Sasa niseme kuhusu kivuko, maana ndicho kinachonipeleka kila mwaka. Mvua zikianza, vijana wanatandika mbao tatu juu ya mfereji, wanafunga kwa kamba ya katani, na kila anayepita anatoa shilingi 200. Siwalaumu, bila wao tungezunguka mpaka barabarani. Lakini mbao zikilowa zinateleza. Asubuhi nawaona watoto wa shule wakivua viatu, kiatu kimoja kila mkono, wanatembea kwa vidole huku mkubwa ameshika shati la mdogo. Mwaka jana maji yaliingia kibandani usiku. Alama yake ipo mpaka leo kwenye miguu ya chuma ya cherehani, mstari wa tope uliokauka chini kidogo ya kanyagio, na vitenge vya mteja vilivyokuwa kwenye mfuko sakafuni nilivilipa kwa fedha yangu.

Mkutano wa kwanza niliuliza kuhusu kivuko, katibu akaandika. Wa pili nikauliza tena, katibu akaandika tena, kwenye daftari jipya. Hiki ndicho kinachoniuma kuliko kuchelewa na kuliko jua: kila mwaka tunaanza upya kana kwamba hatukuwahi kukutana. Kumbe mheshimiwa alikuwa amelifanyia kazi. Binti yangu alinifungulia tovuti ya Bunge, kwenye Taarifa Rasmi, ile wanayoiita Hansadi, tukaitafuta siku aliyouliza. Ipo. Aliuliza swali la msingi kuhusu kivuko chetu, akaongeza maswali mawili ya nyongeza, jibu likawa kwamba fedha zinatafutwa. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Mfereji wetu umetajwa kwa jina, mbele ya Spika, na sisi tunaouvuka hatukuambiwa! Kwa nini mkutano usianze na hilo? Maswali ya mwaka jana yasomwe moja moja: hili nililipeleka, nilijibiwa hivi, hili limekwama hapa, hili sikulipeleka. Ndipo yafuate mapya. Nikipata nafasi ya kumshauri jambo moja tu, ni hilo. Niliposimama mwaka huu sikuuliza, nilisoma kwenye daftari langu tarehe za maswali yangu mawili na majibu yake, kisha nikamwomba orodha ya maswali ya leo ibandikwe ofisi za serikali za mitaa. Alikubali pale pale, akamgeukia katibu akamwambia aandike. Siku nne baadaye nilipita ofisi ya mtaa. Orodha ilikuwa ukutani, karibu na matangazo ya chanjo. La kwangu ni la tisa.

Kuhusu ofisi yake, nilikwenda wiki iliyofuata kwa jambo la kikundi chetu cha ushonaji. Tulikuwa tunaamini mikopo ya halmashauri inatoka kwa mbunge. Katibu wake, kijana mpole, alinikaribisha, "Shikamoo mama, karibu ukae," akanifafanulia kwamba mikopo ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, na haina riba. Mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hakunizungusha, hakuniambia njoo kesho. Alipiga simu kwa afisa huyo mbele yangu, nikatoka nikijua niende wapi na nibebe nini. Sikukaa hata robo saa. Kwa huduma ya ofisini nampa kumi kwa kumi, na kwa mkutano saba.

Kwa atakayekwenda mwakani: fika saa tisa, usiifuate saa ya gari la matangazo, ila ukitaka karatasi kaa safu tatu za mbele. Beba kofia na maji. Swali lako liwe moja, lenye jina la mahali, na uandike tarehe uliyouliza. Ofisini anza na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa. Wao hawakunidai, lakini afisa wa kata aliidai, nikalazimika kurudi.

Bajeti ya TAMISEMI ikisomwa nitakuwa na redio kibandani. Hansadi ya siku hiyo binti ameshaahidi kunifungulia.